Mlinzi wa getini katogwa masikio mpaka mabegani, mimi nimenyimwa kazi kwa tundu la sindano

Wakuu, mbukwenyi.

Naandika nikiwa na hasira na sitasubiri zipoe. Jumanne ya wiki iliyopita nilikuwa na usaili wa kazi ya stoo kwenye kampuni moja hapa Dodoma. Jina la kampuni silitaji, na msinifuate pm kuniuliza. Nina cheti cha ugavi, nina miaka minne ya kushika stoo, barua ya bosi wangu wa zamani ninayo. Usiku nilipiga pasi shati, asubuhi nikavua hereni nikaiweka kwenye kisahani juu ya kabati, nikaondoka. Niliivua. Naomba hilo mlishike kabla hamjaanza kunishambulia.

Hereni yenyewe ni moja tu, sikio la kushoto, kichwa chake hakizidi punje ya mtama.

Pale getini alinipokea mlinzi, mzee wa Kimasai. Nikamsalimia sopai, akaitikia epa, akaniandika kwenye daftari. Masikio yake yametogwa kizamani kabisa. Ndewe ya kulia imeshuka inakaribia bega, ina shanga nyekundu na nyeupe na kipande cha bati kinachomeremeta kila akigeuka. Ya kushoto ameipindua akaitundika juu ya sikio lenyewe, kama mtu anavyotundika miwani. Yuko kazini, amevaa koti la kampuni hiyo hiyo lenye nembo kifuani. Wageni wote wanaanza kwake. Mkurugenzi anapita hapo kila asubuhi na kila jioni.

Ndani walikuwa watu watatu. Tulienda vizuri dakika kama ishirini hivi. Nikaeleza kwa nini mzigo ulioingia kwanza ndio utoke kwanza, nikaeleza unafanya nini kadi ya stoo ikisema katoni 40 na kwenye rafu zipo 36. Mmoja wao alikuwa anatikisa kichwa kukubali na kuandika. Halafu yule mama aliyekaa katikati akainamisha kichwa pembeni, akaniangalia shingoni.

"Kijana, hilo tundu sikioni ni la nini?"

"Nimetoga, mama. Lakini kazini huwa sivai."

"Umetoga?" Akamgeukia mwenzake wa kulia, baba mtu mzima, ana tai. Yule baba akafunga faili langu. Akasema, "Sisi hapa tunatafuta mwanaume."

Nawaapia ndivyo alivyosema. Sikuulizwa swali lingine. Nikakusanya vyeti vyangu, nikatoka, mzee wa getini akanifungulia na kuniambia nipite salama, na lile bati lake likamulika.

Nimekaa na jambo hili siku saba. Nilipolipeleka kwenye kundi la ukoo la WhatsApp nilidhani nitatiwa moyo. Baba mdogo ndiye alikuwa wa kwanza kujibu: walinifanyia haki, vijana mmezidi kuiga Wazungu. Wakafuata wengine sita. Mmoja akatumia lile neno ambalo hapa Tanzania mwanaume akiitwa mbele za watu mtaa mzima unabadilika, anapoteza nyumba ya kupanga, anapoteza kazi, anaweza hata kupigwa. Ndugu yangu wa damu ananiandikia hivyo kwa sababu ya tundu ambalo hata kijiti cha kiberiti hakipiti!

Sasa hili la kuiga Wazungu ndilo linaloniuma kuliko kazi yenyewe, kwa sababu waliolisema ni Wagogo wenzangu, na wote wamekula kwa babu.

Babu yetu wa Mvumi amefariki mwaka 2009. Baba mdogo ni mtoto wake wa kumzaa. Masikio ya babu yalikuwa na matundu ambayo nikiwa mdogo kidole gumba changu kiliingia na nafasi ikabaki. Kwenye sikio la kulia alikuwa anaweka kikopo cha filamu ya kamera, kile cheusi chenye kifuniko cha kijivu, na ndani yake ugoro. Akitaka kunusa anakichomoa sikioni, anakigonga kwa ukucha mara mbili, anafungua, anabana kidogo kwa vidole viwili, anafunika, anakirudisha pale pale bila kuangalia. Kabla vikopo hivyo havijafika wazee walitumia vibuyu vidogo. Huyu ndiye mtu aliyekuwa anaitwa kusuluhisha kesi za ng'ombe na mahari, na alipokohoa barazani watu walinyamaza. Leo mwanawe anasema mwanaume akitoga ameiga Ulaya.

Msafiri wa Kizungu Burton alipita Ugogo mwaka 1857. Stanley, Mzungu mwingine, akapita mwaka 1871. Wote wawili waliandika wakishangaa masikio ya Wagogo yalivyovutwa na vitu vilivyowekwa humo. Wao ndio walioyakuta, jamani. Na hatukuwa peke yetu. Wamasai hutoga wavulana na wasichana vile vile, tundu la juu kwanza, baadaye ndewe hukatwa kwa kisu na kutanuliwa kwa vijiti vinavyoongezwa unene mpaka ifike. Wasamburu hivyo hivyo. Wakikuyu wa zamani, wavulana walitogwa masikio kabla ya jando. Waturkana wa Ziwa Turkana walitoboa mdomo wa chini. Mama zetu wa Kimakonde walivaa ndonya, kile kisahani cha mti, kwenye mdomo wa juu. Pwani nako neno kutoga lipo, ndewe lipo, jasi la sikioni lipo, kipini cha puani kipo, na lugha haitunzi maneno ya vitu ambavyo watu hawakuwa navyo. Najua pwani majasi na vipini vilikuwa vya wanawake. Kwetu Ugogo ndewe ilikuwa ya wote.

Aibu ndiyo iliyokuja na meli. Babu mwenyewe alinisimulia kwamba alipokuwa kijana anajifunza ubatizo, mwinjilisti aliwaambia masikio ya namna ile ni ushenzi. Tangu hapo mpaka anakufa, kila Jumapili alichomoa kikopo cha ugoro akakiacha juu ya kizingiti, akazipindua ndewe juu ya masikio ili zisionekane zinaning'inia, ndipo akaenda kanisani. Akirudi anazishusha. Mimi nilikuwa nabeba Biblia yake, nimeona kwa macho yangu. Kwa hiyo anayenitukana kwa kutoga anarudia maneno ya yule mwinjilisti, halafu ananiambia mimi ndiye niliyeiga.

Na kwa kuwa wapo watakaokuja na mistari: fungueni Kutoka 32, mstari wa pili. Haruni anawaambia watu wavunje pete za dhahabu zilizo masikioni mwa wake zao, na wana wao, na binti zao. Wana wao. Wanaume wa Israeli walitoka Misri na pete masikioni, na kosa lao lilikuwa kuabudu ndama. Ndugu zangu Waislamu wana hoja yao ya mwanaume kutojifananisha na mwanamke, ni dini yao na sibishani nayo. Lakini waliokuwa kwenye ule usaili hawakunisomea dini yoyote.

Halafu tuseme ukweli kuhusu hawa Wamasai wetu. Picha ya sikio la Mmasai tunaibandika viwanja vya ndege, tunaiweka kwenye matangazo ya hoteli, tunaichonga vinyago na kuiuza. Mgeni akilipia dola tunamwambia ona, utamaduni wetu. Yule mzee akiomba kazi ya ndani ya ofisi, mezani, masikio yale yale yataitwa uchafu. Anakubalika akiwa getini. Hilo nalo linanikasirisha, na nalisema kwa niaba yake kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Mtasema kazi ina taratibu. Sawa. Jikoni, kiwandani kwenye mashine zinazozunguka, hospitalini, ukiniambia vua nitavua, ni usalama wangu na wa wenzangu. Polisi wakitangaza nafasi huandika wazi kwamba mwombaji asiwe na alama za kuchora mwilini. Unaisoma, unajua, huendi. Mimi tangazo nililosoma lilikuwa na masharti tisa na sikio halikuwemo. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kwa kabila, kwa jinsia, kwa mahali alipotoka, na inamhusu hata anayeomba kazi. Nitaishinda kesi? Sijaenda kwa wakili, nauli yenyewe ya kwenda usaili niliazima. Ila nataka maofisa rasilimali watu mnaosoma hapa mjue kwamba mnapomwangalia Mgogo sikioni mnaangalia kabila lake. Kama hamtaki matundu, andikeni kwenye tangazo.

Sasa nije kwenye kitu kilichonifanya nifungue uzi huu usiku huu, badala ya kumeza kama nilivyomeza matusi mengine.

Mdogo wangu ana miaka 19. Mwezi wa tatu alikwenda saluni moja mjini akatoboa sehemu ya juu ya sikio, kwenye gegedu, kwa ile bunduki ya plastiki. Shilingi elfu tano. Hakumwambia mtu, kwa sababu alikuwa ameona baba alivyonifanya mimi. Alivaa mzula, nyumbani, mezani, mpaka kitandani. Siku ya nne sikio likavimba na kuwaka moto. Akanunua amoksilini duka la dawa, akameza, akavuta mzula chini zaidi. Siku ya tisa mama alisikia harufu.

Nilimpeleka hospitali mimi. Nesi wa mapokezi alipomvua mzula na kuona, akamwambia mbele ya foleni nzima, "Mwanaume mzima unatoga masikio? Umetaka mwenyewe, kaa huko usubiri." Tulifika saa mbili asubuhi, tukaonwa saa tisa alasiri. Mtoto amekaa kwenye benchi anatetemeka kwa homa, ameinamisha kichwa upande wa bega ili watu wasione, na watu wanaona tu, na wawili wanacheka.

Daktari alikuwa mtu mwema, namshukuru. Alipasua, akakamua usaha, kisha akanieleza taratibu. Gegedu la sikio halina mishipa yake ya damu. Linalishwa na utando mwembamba unaolifunika. Usaha ukijaa kati ya utando na gegedu, gegedu linakosa chakula, linakufa, na sikio linasinyaa na kujikunja kama karatasi iliyolowa. Bakteria anayependa kushambulia hapo anaitwa Pseudomonas, na amoksilini haimfanyi kitu. Zinahitajika dawa nyingine, na zinahitajika mapema. Hizo siku tisa za mzula ndizo zilizoondoka na sikio lake.

Akaniambia na hili, lisikieni nyinyi wenye watoto, maana watatoboa mpende msipende. Ile bunduki haiwezi kuwekwa kwenye mtungi wa mvuke wa kutakasia vifaa, itayeyuka, kwa hiyo inafutwa kwa spiriti tu na kuhamia kwa mteja anayefuata. Damu ya mtu ikibaki humo kuna homa ya ini. Na haitobi kwa ncha kali, inasukuma kwa nguvu, gegedu linapasuka. Ukitaka kutoboa, iwe sindano mpya yenye tundu, ifunguliwe mbele ya macho yako na itupwe. Ndewe hupona wiki 6 mpaka 8. Gegedu huchukua miezi, hata mwaka. Kama ukoo wenu huota makovu yanayokua na kutuna baada ya kidonda kupona, yale ya keloidi, acheni kabisa, na sisi watu weusi tunayapata kuliko wengine.

Haya yote yangeweza kusemwa mezani nyumbani kwa dakika tano. Babu alitogwa na mtu mzima anayejulikana, mchana, ukoo mzima unajua. Kidonda chake kiliangaliwa. Mjukuu wake ametoboa kwa kujificha, ameoza kwa kujificha, na alipofikishwa kwenye msaada akafanywa kichekesho. Yule nesi hakumfundisha adabu, alimwongezea saa saba za usaha.

Baba mdogo anasoma humu, najua. Shikamoo. Ile picha ya babu ukutani kwako, ile uliyoipeleka kwa fundi wa fremu, waulize wajukuu zako kile cheusi kilichoko sikioni ni nini. Uwajibu.

Wakuu, mwenye kumfahamu daktari bingwa anayerekebisha sikio lililosinyaa, iwe hapa Dodoma au Dar, aniandikie gharama na utaratibu. Hata kama ni vikao viwili vitatu tutachangishana. Kijana anaanza chuo mwezi wa kumi, na bado anavaa mzula. Mnaoijua Dodoma ya mwezi wa kumi mnalijua jua lake.