Kulala ufukweni na kuvua kwa kayaki Kigamboni na familia: tupeane uzoefu

Chubwi:
Wakuu, uzi huu ni wa wanaotaka kupiga kambi ufukweni, kuanzia Mjimwema hadi Kimbiji, wakiwa na watoto, hema na kayaki. Anayejua alete kitu cha kusaidia. Naanza na tarehe, maana safari nyingi huharibikia hapo kabla gari halijapakiwa.

Watu huangalia wikiendi. Angalieni mwezi. Siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida), mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hapa Dar hujaa karibu saa kumi alfajiri na kupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Ukiingia saa kumi na mbili unatoka na maji. Ukirudi saa nne mwamba uko nje, na kayaki ya kilo 30 inabidi ibebwe mbali juu ya matumbawe na nungu wa bahari, jua limeshawaka, watoto wanalia. Maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana, ni kinyume: mwezi wa siku 8 au 9, na tena 22 au 23, maji yanajaa taratibu asubuhi mpaka kama saa nne, na mkondo ni dhaifu. Unavua yakijaa, unarudi yakiwa bado juu. Kila siku huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo ukijua ya leo unajua ya kesho.

Mama Wawili:
Asante mkuu. Na upepo je? Sisi tulikuwa tunafikiria likizo ya Juni.

Chubwi:
Dada, Juni ni kusi kamili, ule upepo mkali wa kutoka kusini. Bahari ya wazi haifai kayaki yenye mtoto. Tangambili ya Oktoba na Novemba, kusi likiisha na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, bado halijashika, ndiyo nzuri. Msimu wowote, soma utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usiku wa kuamkia safari, na uwe umerudi nchi kavu kabla ya saa tano, kwa sababu upepo wa mchana huongezeka. Anza kwa kupiga kafi kuelekea upepo unakotoka, ili ukichoka ukusukume nyumbani. Alfajiri upepo wa nchi kavu unasukuma kuelekea nje: maboya ya kuchezea ya watoto yasiingie majini saa hizo hata kidogo.

Fundi Kafi:
Niongezee vifaa. Kwa familia chukueni kayaki ya juu wazi, ile yenye matundu ya kutolea maji sakafuni. Ikipinduka unairudisha na kupanda tena, haijai maji. Fanyeni zoezi hilo kwenye maji ya kiunoni, kila mtu, kabla ya kutoka.

Kwenye gari ifungeni kwa mikanda ya kitambaa yenye kifungo cha kubana kwa mkono. Ile ya kukaza kwa wenzo inaminya plastiki, na kwenye jua inabonyea moja kwa moja. Zungusha mkanda mara moja usivume barabarani, kisha funga kamba mbele na nyuma.

Nanga ya kilo moja na nusu inatosha, kamba iwe angalau mara tatu ya kina. Msifunge nanga ubavuni, narudia, msifunge ubavuni. Mkondo ukivuta, ubavu unazama na kayaki inapinduka. Ifungwe mbele au nyuma kabisa, na kisu kiwe karibu cha kukata kamba ikinasa mwambani. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe, si kukaliwa. La mtoto liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu, la sivyo linamvuka kichwani.

Mshipi wa Babu:
Chambo nunueni soko la samaki la Feri alfajiri: ngisi, kamba, dagaa wabichi. Ngisi mkate vipande vyembamba vya upana wa kidole cha mtoto, maana ni mgumu na hatoki ndoanoni kirahisi. Kwa changu wa mwambani, mshipi wa milimita 0.40, chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi) ya gramu 30 hadi 60 chini kabisa, ndoano ndogo mbili juu yake. Chubwi ifungwe kwa uzi mwembamba kuliko mshipi. Ikinasa inakatika yenyewe, ndoano zinabaki.

Bunju arudishwe majini. Sumu yake haiishi kwa kupikwa. Tasi ana miiba mikali; akimchoma mtu, loweka mahali hapo kwenye maji ya moto kiasi ambacho mkono usio na jeraha unavumilia, nusu saa hadi saa moja na nusu. Kwenye deli wekeni barafu kilo moja kwa kila kilo ya samaki, na toboeni mahali pa maji kutoka.

Tafadhali, visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975, na visiwa vya Sinda vya huku Kigamboni pia vimo. Msivue huko. Kwingine ulizeni BMU (kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi) ya kijiji na ofisi ya uvuvi kuhusu leseni.

Mama Wawili:
Nami nichangie ya kambi. Hema liwe juu ya mstari wa mwani mkavu ulioachwa na bamvua, na lisiwe chini ya mnazi. Vigingi vya kawaida vya hema havishiki mchangani: jaza mfuko mchanga, funga kamba, uufukie kina cha goti. Maji ni lita 5 kwa mtu kwa siku; familia ya watano kwa siku mbili ni lita 50, kwa hiyo madumu matatu ya lita 20, na lita 10 zinazobaki ni za kuoshea vyombo na chumvi mwilini. Mtungi wa gesi wa kilo 6 unatosha, ila jiko lizungushiwe kinga ya upepo, la sivyo wali hauivi.

Fundi Kafi:
Na filimbi, dada. Kila jaketi liwe na filimbi yake imefungwa kwa kamba.