Kiwanja kilichowahi kuwa kiwanda: nani apime udongo kabla ya kujengwa?

Mleta mada
Ghala likifungwa linageuzwa fleti, gereji inageuka shule ya chekechea. Pendekezo langu: ardhi iliyowahi kuwa na kiwanda, karakana ya betri, kituo cha mafuta au ghala la dawa za wadudu isipewe kibali cha makazi mpaka udongo wake upimwe, na matokeo yaambatishwe kwenye hati.

Najua hapa Kenya tuna tathmini ya athari kwa mazingira tangu sheria ya 1999. Ila tathmini hiyo huuliza zaidi mradi utaifanyia nini ardhi: majitaka, vumbi, kelele. Ardhi itawafanyia nini watakaohamia hupita kwa aya mbili.

Tazameni mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza 2007, kikafungwa 2014 baada ya wakazi na mwanaharakati Phyllis Omido kukipinga kwa miaka. Risasi, ile metali yenye sumu iliyomo kwenye betri, ikabaki. Haiozi, na hung'ang'ania udongo wa juu, palepale mtoto anapochezea kisha akatia kidole mdomoni. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikatoa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuamuru eneo lisafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zilipwe milioni 700 za kulisafisha. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia 2023. Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Miaka kumi tangu geti lifungwe!

Dalali wa Changamwe
Ndugu, mfano wako haukukaa. Owino Uhuru watu walikuwapo kabla ya kiwanda. Kosa pale ni la waliotoa leseni, si la muuza kiwanja.

Halafu mtu ana futi 50 kwa 100, marehemu baba yake alikuwa akichaji betri uani. Ukimwambia alipie maabara, atakuapia kwamba pale palikuwa shamba la mihogo.

Mpima udongo
Kuhusu mfano, dalali ana haki. Unaofaa ni Love Canal, mjini Niagara Falls, Marekani. Kampuni ilizika zaidi ya tani 20,000 za taka za kemikali, kisha 1953 ikaiuzia bodi ya shule eneo hilo kwa dola moja. Hati ya mauzo ilitaja taka hizo waziwazi. Shule ikajengwa, nyumba zikafuata, na 1978 serikali ikatangaza dharura na kuanza kuhamisha familia. Kwa hiyo mleta mada, karatasi kwenye hati haitoshi. Kule ilikuwapo.

Gharama nayo isitutishe mapema. Kazi huanza na faili: ramani za zamani, picha za angani, leseni za biashara, na wazee wa mtaa. Mzee anayekumbuka tanuri lilikaa upande gani anakuokolea sampuli nyingi. Ukichota kona kumi ukazichanganya, na moja tu ndiyo ilikuwa na tanuri, wastani utakuonyesha kiwanja safi. Na mwenye mradi akishamwaga kifusi, unachochota juu ni kifusi chake.

Linalonikera ni jingine: mwenye mradi ndiye anayemlipa mtaalamu, na mtaalamu anajua nani atamwita kazi ijayo.

Mama mpangaji, Mikindani
Mnajadiliana wenye hati. Sisi wa vyumba vya kukodi hatuonyeshwi hati yoyote. Majibu yakiwa mabaya tutaambiwa tuhame kwa ajili ya afya zetu, na baada ya hapo tutaona ghorofa.

Mleta mada
Basi naliboresha pendekezo. Mwenye mradi alipe, lakini pesa ziende kaunti na kaunti ndiyo impangie mpimaji. Kiwanja cha familia kianze na faili tu. Kichimbwe pale faili litakapoonyesha shaka. Na palipo na wapangaji, mwenye ardhi asiruhusiwe kuwahamisha kwa sababu ya sumu kisha akapewe kibali cha kujenga bila kuwapa makao kwanza.

Dalali wa Changamwe
La faili nakubali. La kaunti kupanga mpimaji, nani atamzuia asipokee bahasha mbili?

Mpima udongo
Sampuli igawanywe mara mbili, nusu maabara ya pili. Majibu yasipolingana, warudi kuchimba.

Mama mpangaji, Mikindani
Na majibu yabandikwe getini, kwa Kiswahili, yenye ramani ya mahali palipochotwa. Ya kufungiwa ofisini mtabaki nayo wenyewe.