Ati sisi wa petroli ni WAFADHILI WA SHELI?! Yule mtu wa hesabu sasa kazidi

Wakuu, salamu fupi tu maana nimefura kama andazi. Simtaji, Chuga (Arusha) nzima mnamjua, yule anayetupigia hesabu za haibridi, zile gari za petroli na umeme pamoja. Leo mbele ya kadamnasi katamka kwamba mwenye gari ya petroli ni "mfadhili wa sheli". Mfadhili! Kama vile majina yetu yamechongwa kwenye jiwe la msingi pale penye pampu.

Na ushahidi wake sasa: haibridi, Arusha hadi Moshi, dashibodi imeandika kilomita 30 kwa lita. Mzee, Arusha iko kwenye mita 1,400, Moshi iko chini yake kwa kama mita 500! Mteremko ule hata mkokoteni wa ndizi ungeandika thelathini. Kurudi hakupima. Kupandisha gari ya tani moja na robo mita 500 ni karibu nusu lita ya ziada, hiyo kaisahau njiani, Boma Ng'ombe. Na lile 35.4 kwa lita analolikariri ni la JC08, kipimo cha Kijapani cha ulaji mafuta, cha Toyota Aqua (haibridi) ilipotoka 2011, kimefanyikia maabara Japani. Maabara haina matuta.

Kupima kunajulikana: jaza mpaka pampu ijikate yenyewe, tripu irudishe sifuri, tembea kilomita 300 kwenda na kurudi, jaza pampu ileile, gawanya kilomita kwa lita. Dashibodi huwa inajipendelea.

Mfadhili wa sheli. Mbele za watu!

Spana_Namba13: Povu lote hili kwa maneno matatu? Haya, weka lita moja shilingi 3,000 kurahisisha. Kilomita 100 za mjini: petroli ya cc 1500 inayokwenda 12 kwa lita, 25,000. Haibridi inayokwenda 20, 15,000. Umeme, uniti 18 pamoja na zinazopotea kwenye kuchaji, kwa 356 ya luku ni kama 6,400. Jamaa hana adabu, ila hajakosea sana, mheshimiwa mfadhili.

Mleta uzi: Na wewe tena? Betri mbona hujaiweka?

Kiti_cha_Nyuma: Hiyo thelathini imepikwa njiani, pale Maji ya Chai 😂

Fundi_Vumbi: Betri ndiyo penyewe. Aqua inavuta hewa ya kupoza betri pembeni ya kiti cha nyuma, na watu ndipo wanapoegemeza viroba. Vumbi likiziba, betri inachemka. Utaona chaji inajaa na kuisha ndani ya dakika chache, feni inalia, halafu pembetatu nyekundu kwenye dashibodi na namba ya hitilafu P0A80, yaani betri ya haibridi imechoka. Sasa fundi wa kubahatisha anabadili moduli (kipande cha betri) moja kati ya 20. Mpya haiendani na vikongwe 19, miezi michache nyingine inakufa. Akiba ya mafuta yote imeishia hapo.

Baa12: Wa Nissan Leaf za zamani, zile za umeme mtupu, nao wanyamaze. Kabla hujatoa hela angalia kwenye dashibodi zile baa 12 nyembamba za kulia (siyo baa za pombe za Sakina). Zile ni afya ya betri, si chaji. Ya kwanza ikizima, karibu asilimia 15 ya betri imeondoka, na betri yenyewe haina kupozwa kwa maji. Ya kWh 24 iliyobakiza baa 8, Moshi unafika. Kupanda kurudi, utafahamiana vizuri na wakazi wa Usa River.

Mpangaji_Mstaarabu: Hesabu ya luku ina shimo. Nyumba iliyo kwenye kundi la uniti 75 kwa mwezi inalipa 100 kwa uniti kabla ya kodi. Chaji gari, unavuka, unahamishiwa 292 kabla ya kodi. Friji na pasi navyo vinapanda bei kwa ajili ya gari. Na zile luku za wapangaji sita, mita moja? Wenye nyumba wa mji huu ni janga.

Kiti_cha_Nyuma: Wenye nyumba tena! Sita wanachangia mita, halafu mwenye jiko la umeme anajifanya analala.

Baa12: Heri jiko. Kuna wanaochaji gari kwa ekstensheni iliyozungushwa kwenye roli. Ampea 10 kwa saa 10, waya haupumui, unayeyuka. Nyoosha wote, au weka soketi yake na waya wa mm 4 kutoka kwenye breka.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. MFADHILI. WA. SHELI.

Mpangaji_Mstaarabu: Na hela ya taka ya kila mwezi je? Taka zenyewe hazichukuliwi.

Kiti_cha_Nyuma: Fundi_Vumbi, hilo tundu la hewa linasafishwaje?

Fundi_Vumbi: Chomoa kifuniko, toa wavu, piga hewa ukiwa NJE ya gari. Ukipuliza humo ndani unasukumia vumbi kwenye betri. Kama hakuna wavu, fungua feni, sugua mapezi kwa mswaki mkavu. Maji usiguse.

Kiti_cha_Nyuma: Mswaki mpya au wowote?

Spana_Namba13: Muombe mfadhili akununulie.