Naombeni ushauri: tumeahidiwa pesa za kujenga kituo cha Wayahudi kijijini kwetu, lakini kiwanja ni cha mzee

Mweka_Hazina

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho, jambo hili limeninyima usingizi wiki nzima.

Mimi ni Myahudi, mmoja wa Abayudaya wa mashariki mwa Uganda, upande wa Mbale. Kwa wasiotujua: mwaka 1919 Semei Kakungulu, yule jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza kisha wakakosana, aliamua kuifuata Torati. Akatahiriwa yeye na wanawe, na watu wake wengi wakamfuata. Miaka ya 70 Idi Amin akatupiga marufuku. Wengi wakahamia dini nyingine, wachache wakasali kwa siri. Hao wachache ndio waliotuzaa.

Wenzetu wa Nabugoye wana sinagogi kubwa, Stern, iliyofunguliwa 2016 kwa msaada wa Wayahudi wa Marekani. Sisi huku kijijini tuna banda la udongo lenye paa la bati. Mvua ikinyesha siku ya Sabato, msomaji hunyamaza akasubiri, maana hata aliyekaa mbele hamsikii. Vitabu vya sala tunavitunza kwenye sanduku la chuma nyumbani kwa mzee wetu, kwa sababu bandani vingeliwa na mchwa.

Pasaka iliyopita tulipata mgeni, mama mjane kutoka Marekani, akakaa nasi siku nne. Alipoondoka aliahidi kutujengea kituo: ukumbi wa sala na mikutano, chumba cha watoto kujifunzia Kiebrania, maktaba ndogo, jiko, na tangi la maji. Ameomba mambo mawili tu. Jina la marehemu mumewe liandikwe ukutani, na kila nyumba yetu ichange kitu, hata kidogo.

Sasa, kiwanja ni cha mzee wetu. Nikimuuliza habari ya karatasi ananijibu, "Jengeni, nani atawafukuza?" Moyo wake ni safi kabisa, lakini amevuka miaka 80, na wanawe wawili hawaji kusali. Vijana kwenye kamati nao wanasema tusiwasumbue watu, mgeni anazo za kutosha, tupokee tujenge. Tena juzi mama mmoja, mjane wa hapa hapa, ameniletea trei ya mayai. Nikaiandika daftarini kama ilivyo: mayai, trei moja. Katibu anataka niufute mstari huo, eti si mchango, mgeni akiomba hesabu tutaaibika. Sijaufuta.

Mngekuwa mimi mngeanzia wapi?

Karani_wa_Ardhi

Kaka, anza na kiwanja. Usipokee hata senti kabla hujamaliza hilo.

Nimekaa kwenye mambo ya ardhi miaka mingi na nimeona makanisa, madrasa na shule zikibomolewa kwa sababu ya neno hilo hilo, "nani atawafukuza". Atakayewafukuza hajui hata kama atafanya hivyo. Leo ni kijana mpole anayekusalimia njiani. Babake akishazikwa, anakuja mnunuzi na pesa mkononi.

Nenda kwa mzee pamoja na mkewe. Kwa sheria ya Uganda, ardhi ambayo familia inakaa juu yake au inaitegemea kwa riziki haitolewi bila ridhaa ya mke au mume. Waite na wale wanawe wawili, wakae, waulizwe mbele ya wazee wa ukoo na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Pimeni, wekeni alama za mipaka, muandikishane, majirani wa pande zote watie sahihi. Kisha jamaa yenu isajili wadhamini, na ardhi iingie kwa jina la wadhamini. Isiandikwe kwa jina la mwenyekiti, wala la rabi, wala lako wewe.

Mzee_wa_Kuze

Mwanangu, mimi ni Muislamu, niko Mombasa. Alivyosema Karani ndivyo, nami naongeza neno. Kwetu tunaita wakfu. Mtu akishaitoa mali wakfu, haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Anabaki msimamizi wa kuitunza, na yeye si mwenyewe. Misikiti mingi ya pwani imesimama juu ya wakfu, na mingine ina nyumba za kupangisha ambazo kodi yake ndiyo inayolipa maji, mafuta ya taa enzi hizo, na mwadhini.

Hilo la kodi nalitia mkazo. Mgeni atajenga, sawa. Nani atapaka rangi mwaka wa tano? Mwombeni ule ukumbi uwe na kibanda kimoja au viwili vya kupangisha upande wa barabarani. Jengo lisilo na pato huwa mzigo kwa mliowakusudia wema.

Na mzee mwenzangu mwambie hivi: akiandika leo, thawabu ni yake. Akiacha bila kuandika, anawaachia wanawe mtihani.

Bungoma_Moja

Nisikufiche ndugu yangu, mimi naona pesa hizo zingelipa karo za watoto au zingejenga zahanati. Ukumbi wa kusalia mnao, hata kama ni wa udongo. Mungu anasikia popote. Kila dini inajenga jengo kubwa na watoto wanaizunguka bila viatu.

Mweka_Hazina

Nashukuru kwa ukweli wako, na swali hilo limeulizwa hata kwetu. Kiebrania sinagogi ni *beit knesset*, maana yake nyumba ya kukutania. Banda letu halikutanishi. Watoto hawana mahali pa kusomea jioni, kina mama wa kikundi cha akiba wanakaa chini ya mwembe, na mvua ikija kikao kimevunjika. Maji tunayafuata bondeni. Tangi la lita 10,000 likipokea mvua ya paa kubwa litanywesha hata nyumba zisizo zetu.

Kahawa_ya_Mlimani

Bungoma_Moja, mimi Mkristo wa huku huku Mbale, acha niseme ninachokijua. Baba yangu alipeleka kahawa kwenye ushirika wa Peace Kawomera, ulioanzishwa 2004 na JJ Keki, Myahudi, akiwaingiza Waislamu, Wakristo na Wayahudi kwenye mizani moja. Kituo cha afya cha Tobin pale mjini kilifunguliwa 2010 kwa nguvu za Abayudaya na marafiki zao, na kinatibu mtu yeyote. Mke wangu ametibiwa pale, hakuna aliyemuuliza anasali wapi. Kwa hiyo hawa si watu wa kujenga ukuta wakajifungia.

Ila Mweka_Hazina, waambieni majirani mapema. Bomba la tangi liwe nje ya uzio. Mkilifungia ndani, maneno yataanza kabla saruji haijakauka.

Mwanafunzi_wa_Torati

Shalom ndugu yangu. Nimesoma kuhusu yale mayai nikasimama hapo hapo.

Fungua kitabu cha Kutoka, sura ya 30. Kila mtu alitoa nusu shekeli, tajiri asizidishe, maskini asipunguze. Kisha nenda 38, uone fedha ile ilikwenda wapi: ilisubiwa vitako mia, vile vya chini kabisa vilivyoshika mbao za maskani, ile hema takatifu ya jangwani, na nguzo za pazia lake. Dhahabu, nyuzi za buluu na mawe ya thamani vilitoka kwa waliojaliwa, kila mtu kadiri moyo wake ulivyompa. Lakini nyayo za nyumba zilitoka kwa wote sawa. Mama mgeni anajua anachokiomba anaposema kila nyumba ichange. Mwambie katibu akae na sura hizo mbili jioni moja.

Kuhusu jina ukutani, msione haya. Wanazuoni wetu wa sheria ya Torati wamekataza mtu kujivuna kwa sadaka yake, lakini aliyetoa kitu kikatumika kwa wema wameruhusu jina lake liandikwe kiwe kumbukumbu, tena wamesema yafaa. Hapa ni mjane anamkumbuka mumewe. Muandikieni. Ningeomba tu kibao kingine pembeni yake, chenye majina ya nyumba zote za kijiji, kwa herufi za ukubwa ule ule.

Kwa Bungoma_Moja: Rambam, mwanazuoni wetu mkubwa wa zamani, alipanga utoaji kwa ngazi nane, na ya juu kabisa ni kumshika mtu mkono kwa zawadi, mkopo, ushirika au kazi, mpaka asihitaji kuomba tena. Kituo chenye darasa na kikundi cha akiba kiko karibu na ngazi hiyo.

Na jambo dogo la utaratibu. Mkiitisha changizo fanyeni Jumapili. Ahadi zinazotolewa siku ya Sabato haziandikwi, maana kuandika kumekatazwa siku hiyo, na watu husahau. Kuna masinagogi hugawa kadi zenye viwango vilivyochapwa tayari, mtu anakunja pembe ya kiwango chake, na usiku nyota zikitoka, Sabato imekwisha, mweka hazina anazisoma kadi.

Fundi_Wekesa

Mchoro uwe wa hatua. Ukumbi, paa na tangi kwanza, kwa pesa iliyoko mkononi. Jiko na maktaba baadaye. Nimeacha misingi mingi porini iliyopigwa kwa ahadi. Matofali chomeni wenyewe, huo nao ni mchango, uandikwe. Na kwa sababu ya mchwa, dawa iingie kwenye msingi kabla ya zege. Benki wekeni sahihi tatu.

Mweka_Hazina

Wakuu, narudi baada ya mwezi na siku kadhaa. Ahsanteni, na Mzee wa Kuze, shikamoo.

Nilimsomea mzee maneno yako ya mtihani. Alinyamaza muda mrefu, akaomba fimbo yake, tukatembea mpaka kwenye kiwanja. Mkewe alikubali kwa sharti moja, kwamba njia ya kwenda kisimani isifungwe. Imeachwa, hatua nne upana. Mwana mkubwa alitia sahihi siku ile ile. Mdogo alikataa mara mbili, mara ya tatu akaja na swali: je, babake atazikwa wapi? Kumbe hilo ndilo lililokuwa likimuuma, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Sehemu ya makaburi ya familia tumeiacha nje ya mpaka, imepimwa, imeandikwa. Akatia sahihi. Usajili wa wadhamini unaendelea.

Mama mgeni nimemwandikia kwamba asitume chochote mpaka karatasi zitoke. Amejibu kwamba atangoja, na kibao cha pili amekipenda kuliko cha kwanza.

Nyumba zote zimechanga isipokuwa mbili zenye wagonjwa, na hizo zimeleta watu wa kubeba matofali. Katibu mwenyewe ndiye aliyeyapeleka yale mayai sokoni siku ya Jumatatu. Mstari uko pale pale daftarini, na pembeni yake ameandika kwa mkono wake: misumari, kilo moja na nusu.