Kadi ya Kifo imenitoka nikiwa kwenye msiba, naomba ushauri

Binti Kisauni
Asalaam aleykum ndugu zangu. Mimi ni wa Mombasa, nipo Birmingham na wanangu wawili. Mume wangu alitangulia mbele ya haki mwaka jana. Eda nilikaa, nikarudi kazini kwenye nyumba ya kulelea wazee, lakini usingizi sina. Mama ananiita nyumbani, watoto wanataka kubaki, nami nimekwama katikati. Mwenzangu wa kazini, mama wa Kiingereza mwenye huruma, ana kadi za taroti, zile za picha wanazotabiria. Wakati wa mapumziko akaniambia nichomoe tatu. Zikatoka Vikombe Vitano, Kifo na Nyota. Hiyo ya Kifo ni mifupa mitupu iliyovaa deraya, imepanda farasi mweupe. Nilitetemeka mpaka chai ikamwagika. Je, kuna mwingine atanitoka? Na kwa mtu anayeswali, kuangaliwa hivi kunafaa?

Abu Rayyan, Tanga
Pole sana dada yangu, Allah amrehemu marehemu. Umeuliza, nami sitakuficha: kadi, ramli, bao, kusomewa nyota, yote mlango mmoja. Iko hadithi katika Sahih Muslim kwamba anayemwendea mtabiri akamuuliza jambo, swala zake hazikubaliwi kwa siku arubaini. Ghaibu anaijua Mola peke yake. Wewe una jambo la kuchagua, na istikhara imewekwa kwa ajili ya hayo hayo. Swali rakaa mbili za sunna, usome dua yake, ushauriane na watu wenye busara. Wala usikae kungojea ndoto, hilo si sharti.

Mama Neema, Hamburg
Pole mdogo wangu. Mimi kadi hizo ninazo, kwa hiyo acha nikutoe hofu. Taroti ilianza Italia ya kaskazini katika karne ya 15, na ulikuwa mchezo tu, watu wanacheza kama tunavyocheza karata barazani. Mambo ya kutabiria yalishika Ufaransa miaka ya 1780, baada ya mwandishi mmoja wa huko, Court de Gébelin, kuandika kwamba ni elimu ya siri ya Misri ya kale. Ushahidi hakuwa nao. Picha ulizoziona, kwa huyo farasi na deraya, ni za Pamela Colman Smith, zilitolewa London mwaka 1909. Kadi ziko 78, zikachanganywa, ukachomoa tatu. Karatasi haimjui mama yako wala wanao. Hata wasomaji wa kadi wenyewe huisema Kifo kuwa ni jambo lililofika mwisho, si mtu kufa.

Ila ile ya Vikombe Vitano hebu itazame tena. Mtu wa joho jeusi ameinamisha kichwa, vikombe vitatu vimemwagika mbele yake. Nyuma yake viwili vimesimama wima, na kuna daraja la kuvukia mto. Nilipofiwa na mwanangu niliikodolea macho picha hiyo nikalia kilio ambacho mazishini kilinigomea. Haikunitabiria kitu, ilinipa pa kuyaweka machungu. Kwangu faida yake inaishia hapo. Siku mtu akikuambia ameona balaa na anayo dawa ya kuliondoa kwa malipo, beba mkoba wako uondoke.

Mwenzako usimchukie, alitaka kukufariji. Mwambie kadi basi, chai tuendelee. Na usingizi usiupuuze, mwone daktari. Huko kwenu pia kuna Cruse, wanazungumza bure na waliofiwa.

Binti Kisauni
Ahsanteni, Mungu awalipe. Jana usiku nimeswali, na Cruse nitawapigia. Kinachonitatiza sasa ni mkubwa wangu, yuko mwaka wa GCSE, mitihani ya sekondari ya huku Uingereza. Nikimhamisha si nitamharibia?

Mwalimu wa Likoni
Dada, mwache amalize hiyo mitihani mwezi wa sita. Huku Kenya mwaka wa shule unaanza Januari, kwa hiyo utabaki na miezi kadhaa ya kujipanga bila pupa. Mdogo yuko darasa la ngapi?