Antena moja ya FM, redio nne ndani ya nyumba: tupeane uzoefu

Assalaam alaykum wana jamvi. Antena iko juu ya paa, redio ziko sebuleni, jikoni na vyumbani. Ukishagawa waya, vituo vya mbali vinaanza kukoroma. Tupeane vipimo, porojo tuziache.

Fundi_Wete: Waalaykum salaam. Anza na antena, busta (kikuza mawimbi) baadaye. Bomba mbili za alumini, kila moja sentimita 73, zifungwe kwenye plastiki na pengo la sentimita 2 katikati. Hapo umelenga megahezi 98, katikati ya FM. Waya ni RG-6 wa ohmu 75, huu huu wa dishi: shaba ya katikati bomba moja, wavu unaoizunguka bomba la pili. Antena hii husikia kwa ubavu, nchani ni kiziwi. Kwa hiyo ukitaka Tanga kutoka Pemba, bomba zilale kaskazini-kusini. Vituo vingine hurusha kwa wima. Jaribu kuilaza na kuisimamisha kabla hujakaza skrubu.

Shangani75: Spilita, yaani kigawa waya, isome kuanzia megahezi 5. Za dishi zilizoandikwa 950–2400 ni bure kwa FM, ingawa tundu ni zile zile. Ya njia mbili hula kama desibeli 3.5 (kipimo cha nguvu ya mawimbi), ya njia nne kama 7. Tundu lisilotumika lizibe kwa kizibo cha ohmu 75.

Mkoani_fm: Busta ikae mlingotini, karibu na antena. Ukiiweka chini baada ya spilita, inakuza na mikoromo pamoja, na mawimbi yaliyokwisha potea njiani hayarudi. Hesabu: RG-6 mita 20 hula desibeli moja na kidogo, spilita ya nne 7. Busta ya desibeli 15 inatosha kabisa. Hizo za 30 zinazosifiwa madukani ni kununua matatizo. Umeme wake hupanda kwa waya huo huo, basi ukishuka kutoka antena, kisanduku cha umeme kitangulie, spilita ifuate. Ukigeuza, spilita huzuia umeme na busta haiwaki.

Shangani75: Nyongeza kwa wa mjini, mlio karibu na minara. Kituo kimoja kikisikika kwenye namba isiyo yake, busta imezidiwa. Vituo vikali vya megahezi 95 na 97 huzaa vivuli kwenye 93 na 99. Izime uichomoe, unganisha waya moja kwa moja. Vivuli vikiondoka, busta hiyo huihitaji.

Paje_ufukweni: Redio ya mkonga (antena ya kuvuta) isiyo na tundu la antena je?

Fundi_Wete: Shaba ibane kwenye mkonga, wavu kwenye hasi ya betri. Na wewe uliye ufukweni, ndugu yangu, chumvi ndiyo adui wako: ikiingia kwenye konekta wavu huliwa, sauti hufifia kidogo kidogo hadi ulaumu kituo. Zungushia mkanda wa mpira unaojishika wenyewe, kuanzia chini kwenda juu, na waya uachie tumbo kabla haujaingia ukutani ili maji yadondokee hapo.

Mkoani_fm: Mikoromo ikija jioni tu, zima taa za LED na chaja moja moja kwanza. Mara nyingi antena haina kosa.