Mtoto wa kaka yangu kavishwa pete Toronto, mama yangu anasema hajasikia kitu. Nifanyeje?

SengeWaKisumu:
Wadau, hamjambo. Naombeni ushauri, na tafadhali msinicheke.

Mtoto wa marehemu kaka yangu yuko Toronto mwaka wa tatu sasa, anatunza wazee kwa zamu ya usiku. Jumapili nimeamka alfajiri nikakuta picha kwenye simu: mkono, pete, na keki iliyoliwa nusu. Kijana ni Mkenya, kwao Bondo kwa Wajaluo, wamejuana huko huko kanisani. Huyu msichana nimemlea mimi senge wake, yaani shangazi, tangu darasa la nne hapa kwangu Mamboleo. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni mpaka jirani akatoka na rungu akidhani nimevamiwa.

Shida ni mama yangu. Anakaa karibu na Khayega, Kakamega, umri umesonga lakini masikio yako sawa kabisa. Nilipompigia kumwambia mjukuu wake amevishwa pete, akauliza, "Na nani?" Nikamtajia. "Hao watu wamekuja hapa lini?" Nikasema bado. "Basi mimi sijasikia kitu," akasema, akaanza kunieleza habari za ndama wake anayekataa kunyonya. Jioni nikajaribu tena. Ndama yule yule.

Msichana naye kila siku anauliza kukhu (bibi yake) alisemaje. Nimemdanganya mara mbili kwamba mtandao wa kijijini ni mbaya.

Nilitaka Jumamosi tukusanyike kwa mama, tuchinje kuku, tumshangilie kwa simu ya video. Lakini kumfanyia mama sherehe nyumbani kwake ya jambo ambalo "hajalisikia" ni kumkosea adabu. Nikiifanya Kisumu bila yeye, ndio nimeharibu zaidi. Na zawadi je? Nitume nini kifike?

MzeeWaBaraza:
Mama yako hajakosea, binti yangu. Pete ni mazungumzo ya watu wawili. Nyumbani jambo linaanza siku watu wa kijana wanapopita langoni na kusema wametumwa. Kijana ana baba? Ana baba mdogo? Bondo si Toronto. Wapande gari asubuhi, wapitie Kisumu, mchana wako Khayega. Waje kujitambulisha tu, wanywe chai, warudi. Uone kama mama ataendelea na ndama.

Kipanga254:
Mnaanza na kuku, mwisho ni grupu la WhatsApp na orodha ya waliochanga na ambao "bado tunawasubiri". Mimi naaga mapema.

NyarAlego:
Mzee amesema kweli. Mimi ni Mjaluo niliyeolewa Butere kwa Waluhya, kwa hiyo pande zote mbili nazijua. Dada, mwonye kijana: watu wake wasije na bahasha. Kwetu kuna ayie, pesa anazopewa mama wa msichana kuonyesha kwamba amekubali, halafu ndipo habari ya ng'ombe inafuata. Wakija na kitu cha kufanana nayo, wazee wenu watavuta viti, na mahari itaanza kuongelewa siku ambayo haikupangiwa, wenyewe wawili wakiwa Canada. Sukari, majani ya chai, unga wa ngano, basi.

Halafu umetaja kukhu, umejitaja wewe senge. Mama mzazi wa msichana yuko wapi?

SengeWaKisumu:
Yuko Nakuru. Aliolewa tena. Hatujaongea vizuri tangu mazishi ya kaka.

NyarAlego:
Mpigie leo, usingoje Jumamosi. Akiona picha za hao wageni kwenye simu ya mtu mwingine, hutalirekebisha hilo kwa sukari.

ZamuYaUsiku:
Nilivishwa pete nikiwa kazini Doha, kwa hiyo naongea kama yule aliyeko upande wa pili wa simu. Nyumbani waliniandalia simu ya video kwa nia njema kabisa. Watu kama thelathini, kila mmoja anapiga kelele "unatuona?", na mimi nilichoona kwa dakika arobaini ni paji la uso la mjomba. Nikakata, nikalia. Kilichonifaa kilikuja usiku ule: shangazi alinitumia sauti ya dakika nne, mvua inapiga mabati nyuma yake, akinisimulia jinsi bibi alivyomkataa babu mara ya kwanza kwa sababu ya viatu vyake. Mpaka leo ninayo.

Kwa hiyo simu ishikwe na mtu mmoja, na anayeongea awe mmoja. Na angalieni saa. Wakati huu wa mwaka Toronto wako nyuma yetu kwa saa saba. Saa kumi jioni Khayega, kwake ni saa tatu asubuhi, ametoka zamu na ameoga. Mkingoja mpaka mmekula, mkapiga saa tatu usiku, kwake ni saa nane mchana na mtamtoa usingizini.

Zawadi: leso. Nyepesi, haivunjiki. Nunua jozi, kipande kimoja kukhu ajifunge siku ya wageni, cha pili kisafiri. Ila soma maneno kabla ya kulipa! Dada yangu aliwahi kumpelekea bibi harusi leso ya kusutana, kisa rangi ilikuwa nzuri. Omena na mboga za kukausha achana nazo, chakula lazima kiorodheshwe forodhani Canada na utamtia mtoto kwenye maswali.

SengeWaKisumu (baada ya wiki mbili):
Mrejesho kwa waliouliza. Baba mdogo wa kijana alikuja na watu wawili, bila bahasha. Mama aliwapokea kwa uso wa ofisi ya chifu. Akauliza wametoka wapi, wametumwa na nani, mvua kwao ikoje. Wakajibu vizuri. Alipoagiza jogoo mwenyewe akamatwe, nilijua yamekwisha.

Mama wa msichana alifika kutoka Nakuru asubuhi ile. Simu yangu ilikuwa ngumu, sitadanganya. Hatukuongea mengi, tulinyonyoa kuku pamoja, na wakati fulani akaniuliza kama yule mtoto bado anaogopa radi. Nikamwambia bado.

Vijana wa jirani walileta isukuti bila kuitwa. Nikawaomba wangoje, maana kwenye simu ngoma ile inasikika kama gari limegonga mlango. Saa kumi tukampigia. Mama akashika simu kwa mikono miwili kama kioo, kimya, mpaka nikadhani imekatika. Akasema, "Sasa nimesikia." Kisha akamuuliza kama huko anakula ugali. Msichana alilia hata hakuweza kujibu, mama yake akachukua simu akatoka nayo nyuma ya nyumba, na hatukumfuata.

Kipande cha leso bado kiko kabatini. Kuna mtu anasafiri Toronto kabla ya Desemba?

Kipanga254:
Hongera senge. Ndama je, ananyonya?